Barua ya wazi kwa wakuu wa Texas: mwambieni mzazi kabla hajabonyeza

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Texas, Waheshimiwa Maseneta na Wabunge wa Jimbo, na Ofisi ya Mdhibiti wa Fedha za Umma iliyokabidhiwa mpango wa akaunti za elimu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya vocha, yaani hizo akaunti za elimu ambazo serikali humlipia mtoto shule binafsi, na juu ya mtoto mwenye ulemavu. Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza nakijua, ndicho kinachonilisha. Mimi ni mkalimani. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukaa kwenye vile viti vidogo vya plastiki vya watoto wa chekechea, magoti yamenifika kifuani, upande mmoja mzazi aliyetoka Fizi au Uvira kule Kongo, au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, upande wa pili meza nzima ya walimu, mwanasaikolojia wa shule na mtaalamu wa usemi. Barua hii ikifika mezani kwenu itabidi mtafute mtu wa kuwafasiria. Mtamsubiri amalize. Mtamtazama usoni, mjiulize kama anasema yote au anaruka. Wazazi ninaowahudumia wanaijua hali hiyo kuliko mnavyoijua ninyi.

Mkutano wenyewe hapa Texas unaitwa ARD. Walimu hawaitamki herufi moja moja, wanasema "ard", na sikio la Mswahili linasikia ardhi. Mama mmoja, siku yake ya kwanza, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ni ardhi gani tena? Sisi hapa tumepanga." Nilicheka, naye akacheka, kisha nikamweleza kwamba ni kikao cha kupanga masomo ya mtoto mwenye ulemavu, na kwamba yeye kama mzazi ni mjumbe kamili wa kikao hicho. Tangu siku ile, shule ikimpigia simu, huniambia, "Wameniita tena kwenye ardhi."

Baadaye niliona kwamba hakukosea sana. Kinachotoka kwenye kikao kile ni mpango wa mtoto, IEP, na mpango huo kwa mzazi ni kama hati ya kiwanja. Umeandikwa: dakika 30 za mtaalamu wa usemi, mara mbili kwa wiki. Basi lenye lifti ya kiti cha magurudumu, bure, hadi karibu na mlango. Msaidizi wakati wa chakula, kwa sababu mtoto hupaliwa. Shule isipotekeleza, mzazi anayo karatasi ya kushika mkononi na mahali pa kuipeleka: malalamiko kwa jimbo, usuluhishi, hata shauri mbele ya afisa asiyeegemea upande wowote. Hati hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitokana na sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu aliyoitia saini Rais Gerald Ford mwezi Novemba 1975, ambayo leo inajulikana kama IDEA. Kabla yake, shule nyingi za Marekani zilikuwa na ruhusa ya kumwambia mzazi abaki na mtoto wake nyumbani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliamua katika kesi ya Endrew F., kijana wa Colorado mwenye usonji, kwamba shule haiwezi kumtupia mtoto makombo ikasema imetimiza wajibu. Mpango lazima umwezeshe kupiga hatua kulingana na hali yake.

Na mimi mwenyewe nimo ndani ya sheria hiyo. Kanuni zake zinaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachosemwa kikaoni, ikiwa ni pamoja na kumletea mkalimani. Ndiyo maana hunipigia simu. Si hisani ya mwalimu mkuu.

Sasa tuje kwenye vocha.

Tarehe 3 Mei 2025 sheria ya akaunti za elimu ilitiwa saini. Dola bilioni moja, kuanzia mwaka wa shule wa 2026–27. Mtoto wa kawaida anayekwenda shule binafsi hutengewa dola elfu kumi na ushee, anayesomeshwa nyumbani hupata hadi 2,000, na mtoto mwenye ulemavu hupata hadi 30,000. Habari hizi zilifika kwetu kama habari zote zinavyofika: kanisani baada ya ibada, kwenye kundi la WhatsApp, kwenye foleni ya duka la fufu na dagaa. Zilipofika zilikuwa zimepungua neno moja. Watu walikuwa wakisema, "Serikali inatoa dola elfu thelathini kwa mtoto mlemavu." Lile "hadi" lilikuwa limeanguka njiani.

Katika kazi yangu neno dogo la namna hiyo ndilo linalonikosesha usingizi. "Hadi" maana yake si kila mtu. Kiasi hukokotolewa kutokana na fedha ambazo shule ya umma ingepata kwa ajili ya huduma za mtoto huyo, na huduma zinasomwa kwenye ile IEP. Asiye na IEP hapati nyongeza hiyo. Mwenye IEP nyepesi atapata nyongeza nyepesi. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri: IEP ileile inayotumika kupima fedha, shule binafsi ikishampokea mtoto hailazimiki kuifuata. Hati inatumika kupimia thamani ya kiwanja, halafu inafungiwa kabatini. Wilaya ya shule inabaki na wajibu wa kumpima mtoto wazazi wakiomba, na kutenga fungu fulani la huduma kwa walioko shule binafsi, lakini hakuna mtoto mmoja mmoja anayeweza kusema, "fungu hili ni langu, nipeni."

Nimekuwa nikijaribu kutafsiri jina mnalouzia mpango huu. Kwa Kiingereza ni "school choice". Kwa Kiswahili linakuja vizuri kupita kiasi: "uchaguzi wa shule". Msemaji yeyote wa lugha hii akilisikia atauliza, nani anachagua? Mzazi anaichagua shule, au shule inamchagua mwanafunzi? Lugha yetu haijaamua. Sheria yenu imeamua: shule binafsi zinazoingia kwenye mpango zinabaki na masharti yao ya kupokea wanafunzi kama yalivyokuwa.

Niwape kisa. Kazi yetu ina kiapo cha siri, kwa hiyo nimebadilisha mambo madogo madogo ili familia isitambulike, na shule siitaji.

Baba mmoja, fundi wa kukata nyama kiwandani, anafanya zamu ya usiku. Mtoto wake wa kiume ana miaka minane, ana usonji, hasemi ila maneno machache, lakini ukimpa simu iliyoharibika anaifungua na kuirudisha skrubu zote mahali pake. Baba alisikia habari za vocha, akachukua likizo ya siku moja bila malipo, akavaa koti lake la harusi, akaenda kuulizia nafasi kwenye shule binafsi ambayo majirani wanaisifu. Mimi sikuwapo. Hakuna aliyeniita, kwa kuwa shule ile haijioni kuwa na wajibu wa kuniita. Akamchukua binti yake wa miaka 12 awe mkalimani.

Mtoto wa kiume aliingizwa chumbani na mwalimu kwa dakika kama ishirini. Walipotoka, mwalimu aliongea na binti kwa muda mrefu, kwa upole, akitabasamu. Binti akamgeukia baba yake akasema, "Wamesema nafasi zimejaa. Tujaribu mwakani."

Wiki mbili baadaye baba akanionyesha barua aliyokuwa ameikunja ndani ya pochi. Alitaka nimsomee tarehe ya kurudi mwakani. Barua haikuwa na tarehe. Ilisema, kwa Kiingereza laini cha maofisini, kwamba shule haiwezi kukidhi mahitaji ya mtoto, na kwamba kuwapo kwake kungeweza kuathiri masomo ya wengine. Nilimsomea neno kwa neno, ndiyo kazi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu kimoja tu: "Kumbe yule mtoto alinificha." Alimaanisha binti yake. Msichana wa miaka 12 alisimama katikati ya ofisi ile, akasikia wanachosema juu ya mdogo wake, akaamua hatakipitisha.

Mkisema hakuna sheria ya elimu maalumu iliyovunjwa siku ile, mtakuwa sahihi. Hilo ndilo ninalolalamikia.

Najua jibu mtakalonipa, kwamba shule za umma nazo zinawaangusha watoto hawa. Ni kweli, na Texas inajulikana kwa hilo. Kuanzia mwaka 2004 wakala wa elimu wa jimbo uliwawekea wilaya kiwango: wanafunzi wa elimu maalumu wakizidi asilimia 8.5, wilaya inahesabiwa vibaya. Wilaya zikaelewa somo. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi sehemu ya watoto wanaopata elimu maalumu ikashuka kutoka karibu asilimia 12 hadi kwenye kiwango kilekile kilichopangwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 13. Gazeti la Houston Chronicle lililifichua jambo hilo mwaka 2016, Bunge la jimbo likapiga marufuku kiwango hicho mwaka 2017, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikasema wazi kwamba Texas ilivunja sheria. Nimekutana na vijana waliopita katikati ya miaka ile. Mmoja anapakua mizigo ghalani. Barua ya mwajiri wake nilimsomea mimi.

Lakini tazameni jinsi kosa lile lilivyojulikana na kurekebishwa. Lilijulikana kwa sababu idadi zilikuwa zinaandikwa na mtu yeyote angeweza kuziomba. Lilirekebishwa kwa sababu kulikuwa na sheria ya kuvunja. Leo watoto zaidi ya 700,000 wa Texas wako kwenye elimu maalumu. Mtoto akikataliwa na shule binafsi kesho, nani ataandika? Sijaona shule yenye daftari la waliokataliwa. Mzazi hana ile njia ya malalamiko aliyokuwa nayo shule ya umma. Miaka kumi ikipita, mwandishi wa habari atakayetaka kujua atafungua faili gani?

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo nitalisema haraka. Mipango hii kwingineko ilifunguliwa mlango kwa majina ya watoto wenye ulemavu. Florida ilianzisha vocha za McKay mwaka 1999, zikiwa za wanafunzi wenye ulemavu. Arizona ilianza akaunti zake mwaka 2011 kwa watoto haohao, na ilipofika 2022 ikazifungua kwa kila mtoto wa jimbo. Hata kwenu, mtoto mwenye ulemavu ndiye aliyewekwa mbele ya foleni fedha zisipotosha, ikiwa kipato cha familia hakijavuka kiwango mlichoweka. Sikatai, kuwekwa mbele ni jambo jema. Kwetu mgonjwa akitangulizwa mlangoni, waliomtanguliza huwa wanamngoja aingie kwanza.

Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza mipango ya namna hii nchi nzima. Ikagundua kwamba katika mipango iliyotengenezwa mahsusi kwa wanafunzi wenye ulemavu, 83 kati ya kila wanafunzi 100 walikuwa kwenye mpango ambao ama haukuwaambia wazazi chochote kuhusu haki zinazobadilika mtoto akihama, ama uliwaambia mambo yasiyo sahihi. Na hao, nadhani, wengi wao ni wazazi waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Sijui niseme nini juu ya wa kwetu.

Sheria yenu, nakiri, imejifunza kidogo kutoka hapo. Inataka mzazi apewe taarifa kwamba shule binafsi haifungwi na sheria za elimu maalumu kama shule ya umma inavyofungwa. Vizuri. Ninachouliza ni taarifa hiyo inamfikiaje mama wa Fizi ambaye darasa lake la mwisho lilikuwa la tatu, na lilikatizwa na risasi? Kwa maandishi madogo chini ya ukurasa wa simu? Kwa tafsiri ya mashine? Nimewahi kuona tafsiri ya mashine ya karatasi ya shule iliyoita elimu maalumu "elimu ya pekee yake", na mzazi akaelewa kwamba mtoto atafungiwa chumba cha peke yake. Alikataa kuweka saini kwa miezi miwili, na mimi ningekuwa yeye ningekataa pia.

Ninachoomba hakihitaji bilioni nyingine. Taarifa hiyo isomwe kwa sauti, na mtu, kwa lugha ya mzazi, kabla maombi ya mtoto mwenye ulemavu hayajakamilika. Kiswahili, Kinyarwanda, Kihispania, Kivietinamu, Kiarabu, orodha ya lugha wilaya zenu zinayo tayari, maana hutulipa kwa orodha hiyo. Irekodiwe, dakika tano zinatosha. Isemwe kama mtu anavyomwambia mtu: ukichukua fedha hizi na kuhamia shule binafsi, kikao cha ardhi hakitakuwapo tena. Mkalimani hataitwa. Basi la lifti huenda lisije. Mtoto akimuuma mwenzake siku kengele ya moto ilipolia, shule ya umma ikitaka kumtoa kwa zaidi ya siku 10 za masomo inabidi kwanza ikae na wewe ijiulize kama kitendo kile kimetokana na ulemavu wake. Shule binafsi inaweza kukupigia simu saa nne asubuhi ikasema njoo umchukue, na asirudi. Ukitaka kurudi shule ya umma, mlango uko wazi, na kikao kipya kitaitishwa.

Halafu shule inayopokea fedha hizi iandike mapema, kabla mzazi hajachukua likizo bila malipo na kuvaa koti la harusi, ni huduma gani inazo na zipi haina. Kama haina mtaalamu wa usemi, iseme haina. Saa moja ya mtaalamu huyo nje ya shule hupita dola 100 kirahisi, mzazi apige hesabu akiwa nyumbani kwake. Ikimkataa mtoto, itoe sababu kwa maandishi, na Ofisi ya Mdhibiti ihesabu barua hizo, itangaze idadi kila mwaka: wangapi waliomba, wangapi walikataliwa, wangapi waliondolewa katikati ya mwaka. Mnahesabu kila senti ya vocha. Hesabuni na vichwa.

Sisemi wazazi wasichukue vocha. Ninawajua ambao itawafaa, hasa aliyekwishapata shule ndogo yenye walimu waliosomea usonji na wanaompenda mtoto wake, akakosa karo tu. Huyo mpeni, leo. Shule za namna hiyo ni chache, na karo ya nyingine inaipita hata hiyo 30,000, lakini zipo.

Kwa nini basi nawaandikia ninyi na siwaambii wazazi wenyewe? Kwa sababu nimekatazwa. Mkalimani hashauri. Hapunguzi, haongezi, hatoi maoni yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi, na ni kanuni nzuri. Msichana wa miaka 12 hakuwa ameifundishwa.

Mwezi uliopita yule mama wa "ardhi" alinikuta kwenye maegesho ya shule baada ya kikao. Mpwa wake alikuwa amemjazia maombi kwenye simu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Binti yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando yetu, akichezea kamba ya begi. Mama akanionyesha kioo cha simu, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umekaa na hawa watu miaka yote. Nibonyeze?"

Nikamjibu, "Mama, mimi ni mkalimani tu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyemkana hadharani. Akaizima simu, akaitia kwenye kibindo cha kitenge. Lile basi la lifti lilikuwa limeshafika, dereva amekwishashuka anafungua mlango wa pembeni.

Mkalimani wa Kiswahili,
Texas